Chango la Mzee Zein

Baba hakutaka watu wajue. Ndiyo tabia yetu hapa Mji wa Kale: ugonjwa husitiriwa mpaka jeneza litoke mlangoni, kisha majirani huulizana, "Kwani alikuwa mgonjwa?" Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nenda kamwambie Mzee Zein, karani mstaafu wa Kilindini, anayeficha sigara chini ya mto kama mtoto wa shule!

"Zakiya, Tumu asijue," alinionya tulipotoka kwa daktari. "Dada yangu akijua, mji mzima umejua."

Nikaitunza siri yake, nikaogopa peke yangu.

Daktari Caroline alikuwa ametuonyesha picha. Mshipa mkuu wa damu tumboni mwa Baba umevimba, ukuta wake umekuwa mwembamba. Alisema chembe za kinga, askari wa mwili wenyewe, zimeingia ukutani kuutengeneza na badala yake zinaula. Moshi wa sigara nao huleta sumu inayoula mwili kama kutu. Mwili una kinga yake ya kuizima, ila ya Baba imezidiwa.

"Tutampasua Alhamisi," alisema. "Hadi hapo asibebe kitu kizito, na mtu asimminye tumbo, mshipa usije ukapasuka."

Tangu siku ile usingizi ulinipaa. Nilikuwa nikimtazama Baba akinywa kahawa, kanzu ikitikisika kidogo juu ya kitovu kwa mapigo ya mshipa ule, nami nikiogopa hata kumchekesha.

Jumatano nilikwenda Mwembe Tayari kumnunulia nguo za hospitali. Niliporudi, harufu ya mafuta ya ufuta ilinipokea ngazini. Shangazi Tumu alikuwa mlangoni, uso umemchangamka.

"Polepole, mwanangu, babako yuwalala. Nimemuona ashika tumbo, nikajua ni chango, lile lipigalo kitovuni. Nikamletea mkandaji wa Kuze. Maskini, kumbe lilikuwa lampiga hivyo, naye yuwanificha!"

"Shangazi, amekandwa?"

"Sana! Alipiga ukelele mmoja tu, kisha akatulia."

Nilimsukuma, Mungu anisamehe, nikaingia. Mkandaji alikuwa akijifuta mikono kwa leso. Baba alilala chali, uso rangi ya majivu, shingo imemtota jasho. Nilimwita, hakuitika. Nikaweka kiganja juu ya kitovu chake, pale nilipokuwa nikiogopa kupagusa.

"Waona?" Shangazi alisema nyuma yangu, kwa furaha. "Halipigi tena."