Injini Iliyozimika Tukashangilia

Niliyaona magurudumu kwanza. Ndege yetu huondoka na watu na kurudi bila watu, ndiyo kazi yake. Ikirudi huwa nyepesi, inagusa nyasi na kudunda kidogo kama mwana-mbuzi anayecheza. Jumamosi ile ya Agosti haikudunda. Magurudumu yalibonyea, na hata ilipokaribia kusimama yalikuwa bado yamebonyea, nikajua kabla ya kumwona yeyote kwamba warukaji wa parachuti bado wamo ndani.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya banda, nakunja parachuti. Hiyo ndiyo kazi yangu. Pangaboi la ndege lilizunguka kivivu, halafu likasimama katikati ya kiwanja, upande wa mahindi, ambako ndege haisimami kamwe. Mlango ukafunguka. Wakashuka wanne, walimu wawili na wanafunzi wawili, parachuti zikiwa migongoni vilevile zilivyotoka mikononi mwangu. Wa mwisho alikuwa rubani wetu, Glenda Hackett.

"Injini imeishiwa nguvu," alisema. "Tulikuwa tunapanda vizuri tu. Tulipofika juu ya msitu ikakohoa, ikalegea kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Nikageuza, nikashuka nayo hivyohivyo."

Kwetu hapo kiwanjani, ukifanya jambo kwa mara ya kwanza unawanunulia wenzako bia. Ukiruka mara ya kwanza, bia. Ukivunjika kidole mara ya kwanza, bia. Kwa hiyo hata kabla Glenda hajavua miwani, mwalimu Travis, aliyekuwa chini akisubiri zamu yake, alikuwa ameshawanyooshea kidole wanafunzi.

"Mmetua na ndege! Mara ya kwanza! Bia!"

"Lakini hata hatujaruka," mmoja wao alisema.

"Ndiyo maana! Umepanda na ndege, umeshuka na ndege. Bibi yangu huenda Florida hivyohivyo kila mwaka. Lete bia!"

Lorne Vandersluis, mwenye kiwanja, alikuja mbio na ngazi. Akapanda juu ya bawa, akafungua kifuniko cha tangi, akachovya kijiti cha kupimia. Mafuta yalikuwepo ya kutosha. Akaingia, akawasha. Injini ikanguruma mpaka nyasi zikalala na kofia ya Travis ikaruka hadi kwenye mahindi. Haikukohoa hata mara moja, na wale wanne waliokuwemo, kwa kelele za ndani, hawakuwa na hakika walisikia nini.

"Glenda, mama yetu," Travis akasema akirudi na kofia yake, "una hakika hukugeuza ili uwahi chai?"

Watu wakacheka. Glenda naye akacheka. Lakini niliona amezishika funguo za ndege kwa mikono yote miwili.

Nimweleze kidogo Glenda. Ana umri wa kuwa bibi, na alikuwa akirusha ndege hapa hata kabla Lorne hajakinunua kiwanja. Mimi ni mtoto wa Wamenno, Wakristo wa mashambani wanaojitenga na mambo ya dunia. Wazazi wangu walikuwa wakienda na kurudi kati ya Mexico na huku Ontario, Kanada, kufuata mavuno, na shule niliiacha kabla ya kumaliza msingi. Siku yangu ya kwanza ya kazi nilijificha chooni wakati wa chakula ili nisisemeshwe. Glenda akagonga. "Binti, humo ndani kuna kiti kizuri kuliko hivi vya huku nje?" Nilipotoka alinikalisha kwenye nyasi, akachota mbegu za alizeti mfukoni mwangu bila kuomba, tukakaa tunatafuna na kutema maganda, wala hakuniuliza kitu chochote.

Jioni ile ya Jumamosi alimfuata Lorne pale nilipokuwa nakunja.

"Lorne, kama injini ni nzima, basi mgonjwa ni mimi. Rubani anayesikia kikohozi ambacho hakipo hafai kubeba watoto wa watu. Mzee Feri akikosa kitu, nakurudishia funguo."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Mzee Feri ni Ferenc Bodnár, fundi wetu. Wazazi wake walitoka Hungary kuja kulima tumbaku, na yeye alianza kwa kutengeneza majiko ya kukaushia tumbaku, kisha matrekta, kisha ndege. Alifika Jumapili na sanduku lake la vyuma, akaanza kuongea na injini.

"Haya, mwanangu, toa ulimi." Akatoa plagi, akazitazama moja moja kwenye jua. Safi. Akafungua kabureta, akachunguza chujio, akamwaga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo kutafuta maji. Hakuna. Akavuta nyaya, akapuliza mabomba ya injini. Mwisho Lorne akapanda bawani, akapima mafuta kwa kijiti chake, wakapaa wawili. Walizunguka juu yetu mpaka shingo zikatuuma. Ndege iliimba.

Waliposhuka, Mzee Feri alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Sijaona kitu, Glenda."

"Sawa, Mzee."

"Sijasema hakuna. Nimesema sijaona."

"Mpaka kesho jioni basi, halafu narudisha funguo," Glenda akasema, akaenda kukaa kwenye gari lake.

Jumatatu huwa hatuna wateja. Hata hivyo tulikuja sote, na mimi nikaleta platz ya plamu, keki ya kwetu, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kuleta. Mzee Feri alichukua vipande viwili, akatukalisha kwenye benchi.

"Leo sishiki spana. Leo mtanisimulia Jumamosi, tangu asubuhi. Kila mtu, kwa zamu. Hata kama ulipiga chafya, niambie."

"Mimi nilipiga chafya," Travis akasema.

"Wewe utakuwa wa mwisho."

Glenda akasimulia. Asubuhi aliizunguka ndege, akakagua kila kitu. Watu walikuwa wengi, foleni imefika hadi barabarani. Alirusha safari ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu injini ikakohoa.

"Na mafuta?" Mzee Feri akauliza.

"Nilijaza ya kutosha asubuhi," Lorne akajibu. "Kawaida tunaweka ya safari moja tu, ndege iwe nyepesi. Ikitua, naongeza. Lakini Jumamosi nani alikuwa na nafasi ya kupanda ngazi kila safari?"

Mzee Feri aliacha kutafuna.

"Ngoja. Siku nyingine zote unafungua kifuniko kila ndege ikitua?"

"Kila ikitua."

"Na Jumamosi hukufungua."

"Sikufungua. Mpaka iliporudi mbovu."

"Iliporudi mbovu, kitu cha kwanza ulichofanya?"

"Nikafungua kupima."

"Halafu ukawasha, ikawa nzima. Na jana kabla ya kupaa na mimi?"

"Nikafungua kupi..." Lorne hakumaliza.

Mzee Feri alianza kucheka. Alicheka mpaka makombo ya platz yakamwagika kifuani. "Jamani! Mgonjwa amebanwa pumzi, sisi tunamfungua mdomo, halafu tunashangaa mbona anapumua! Mafuta yakitoka kwenye tangi, hewa lazima iingie mahali pake. Hewa ikikosa njia, tangi linayang'ang'ania mafuta, na injini inakufa njaa. Tukifungua kifuniko, hewa inaingia na ushahidi wote unatoroka. Glenda! Toka hapo, kaa kwenye usukani!"

Alibandika utepe mwekundu juu ya vifuniko vya matangi ya mabawa yote mawili na kumwonya Lorne: "Ukivigusa hivi nakukata mkono." Mkia wa ndege tukaufunga kwa kamba kwenye trekta. Glenda akawasha. Sisi tukajipanga pembeni, na nyasi zikaanza kulala.

Tulisubiri. Injini ilinguruma vizuri kiasi cha kukatisha tamaa. Lorne alikuwa anatafuna kucha. Travis hakuwa na utani. Niliona kidevu cha Glenda kikipanda taratibu, kama mtu anayejiandaa kupokea habari mbaya kwa heshima. Nikaanza kuiombea mabaya ile injini. Kohoa, nikasema moyoni. Kohoa, tafadhali.

Ikakohoa.

Mlio ukayumba, ukarudi, injini ikakohoa tena, ikalegea. Halafu ikazimika kabisa, na kimya kikatua kiwanjani.

Sijawahi kuona watu wakiifurahia ndege mbovu namna ile. Travis alipiga yowe. Lorne alimkumbatia Mzee Feri, wakakaribia kuanguka. Glenda alitoka mlangoni mikono juu, anacheza, kweli anacheza, katikati ya nyasi na viatu vyake vikubwa. "Umesikia? Umesikia hicho kikohozi? Ndicho! Ndicho chenyewe!"

Mzee Feri akapanda ngazi, akabandua utepe, akalegeza kifuniko. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Chini ya bawa la kushoto kuna kijibomba cha kupitishia hewa, kinene kama kidole. Kwa nje kilikuwa wazi, shimo jeusi kama kawaida, kama Glenda alivyokiona asubuhi ile. Mzee Feri akaingiza waya, akausogeza huku na huku, akauvuta. Ukatoka na donge la waridi, limevutika kama kamba.

Tukalitazama. Mzee Feri akalinusa.

"Chingamu," alisema. "Ya stroberi."

Taratibu uso wa Lorne ukaanza kuiva. Maana sote tunajua kwamba kabla ya kupaa, wanafunzi hupigwa picha chini ya bawa lile la kushoto, ambako jina la kiwanja limeandikwa. Wote huwa wanatafuna kwa hofu. Na Lorne huwaambia wateme, wasije wakapaliwa wakiwa hewani.

"Na wakikuuliza wateme wapi?" Glenda akauliza, amekunja mikono.

"Huwa nawaambia... wabandike kwenye ndege. Kwa bahati njema." Akakuna shingo. "Ni mzaha tu! Nilidhani wanabandika kwenye nguzo ya bawa. Mimi mwenyewe hubandika kwenye nguzo."

"Kuna mmoja aliona shimo zuri," Mzee Feri akasema, "akaisukuma bahati yake mpaka ndani."

Lorne alivua kofia. Alimwendea Glenda na kumwambia mbele yetu sote, "Nisamehe. Ulisema imekohoa, na mimi nikaisikiliza injini badala ya kukusikiliza wewe."

"Ni mara ya kwanza unaomba msamaha hapa kiwanjani," Glenda akamjibu.

"Mara ya kwanza!" Travis akaruka. "Bia! Bia, Lorne!"

Jioni hiyo Mzee Feri alikifunika kijibomba kwa wavu mdogo, na Lorne akatundika debe la takataka pale wanapopigia picha. Glenda aliipeleka ndege juu peke yake, vifuniko vimefungwa, akakaa huko mpaka platz ikaisha. Aliposhuka Lorne hakunyoosha mkono kudai funguo, na yeye hakuzitoa. Kila mtu alikuwa na la kumwambia, wamemzunguka, wanampiga mabega. Mimi nilisimama nyuma na sinia tupu.

Nilikuwa na langu, sikulitoa. Ni hili, Glenda: Jumamosi ile, wakati bado wanacheka, kabla ya Mzee Feri na waya wake, ungeniambia, "Justina, panda twende," mimi ambaye sijawahi kutoka ardhini, ningepanda.