Kicheko cha Mbuzi

Mwaka 1953 Kharumwa ilikuwa na kila kitu isipokuwa mhuni. Ilikuwa na pamba, na ng'ombe, na kanisa la udongo, na mzee Nkwabi aliyekuwa ng'wanangwa, yaani mkuu wa kijiji na mwenye muhuri. Mwizi wa karanga alikuwapo, lakini mhuni kamili, wa kuonyeshwa wageni, hakuna. Ndipo Serikali, kwa huruma zake, ikaleta gari la sinema ili atengenezwe hapo hapo.

Gari lilimkuta Thobias nyumbani, amemaliza darasa la kumi. Bweni la misheni lilikuwa limemfundisha Kilatini kidogo na kuiga mwendo wa kila mwalimu, na chuo cha ualimu kilikwisha kumkubali. Kilibaki kitu kimoja tu: barua ya tabia njema yenye muhuri wa ng'wanangwa, aipeleke chuo kitakapofunguliwa Januari. Bila barua, hakuna chuo. "Tukimaliza pamba, mwalimu," mzee Nkwabi alimwambia, na kila alipoitwa mwalimu Thobias alihisi ameshika chaki.

Mzungu wa kamera, ambaye watu walimwita Bwana Picha kwa kuwa jina lake lilivunja meno, alitaka vijana wawili, mmoja mwema na mmoja mpotevu. Mkalimani wake Bartholomeo, mtu wa pwani mwenye mafuta mengi kichwani, akatangaza: "Mpotevu awe mrefu. Mfupi hatoshi kwa ubaya."

"Na mwema?" Thobias akauliza.

"Huyu mwenye mashavu." Akamshika bega Donatus.

Watu wakaangua kicheko, maana Donatus ndiye aliyekuwa mwizi wa karanga.

Thobias akapigwa picha kwanza na shati lake la shule, kisha akavishwa kofia ya pama iliyolalia jicho, miwani ya jua, na suruali iliyowatosha watu wawili. Akapachikwa sigara mdomoni, akaambiwa atembee. Akatembea kwa bega moja, mwendo aliouiba kwa mwalimu wa hesabu. Kijiji kikashangilia. Ng'wanangwa alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Donatus alipigwa picha asubuhi, jua likimpaka uso samli. Kwa Thobias walingoja saa sita ili kofia imtie giza usoni, wakaichimbia kamera shimo, imtazame kutoka chini kama siafu anavyomtazama mtu. Kisha wakamkalisha mama yake, Nyamizi, jikoni. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukampofua, machozi yakamtiririka. Bwana Picha akaruka kwa furaha. Akangoja moshi upungue, akasogea karibu kabisa, akachukua uso peke yake.

Hapo ndipo mbuzi wa jirani alipoikuta kofia ya Bwana Picha juu ya sanduku, akaanza kuila kwa heshima zote, kuanzia ukingo. Thobias alivua miwani, akarudisha kichwa nyuma, akacheka meno yote nje. Mama yake naye alicheka, akimning'inia mkono asianguke. Kamera ilikuwa bado inapiga, lakini ilimwelekea Thobias tu. Mbuzi hakupigwa picha, naye ndiye aliyeigiza vizuri kuliko wote siku ile.

Pamba ikauzwa. Kisha mvua zikaja, ng'wanangwa akawa shambani. Barua siku zote ilikuwa kesho. Desemba gari likarudi na sinema yake tayari.

Giza lilipoingia wakatundika shuka jeupe, na Bartholomeo akashika kipaza sauti. "Tazameni kijana wa siku hizi! Amesoma kidogo, sasa nchi haimtoshi!" Thobias akatokea mrefu kuliko mti, hana macho, moshi wa sigara ukimtoka puani. Kisha ikaja sura ya mama yake, pana kama nyumba, chozi kubwa kama kibuyu likiteremka shavuni. Akatokea Thobias, anacheka. Mama, analia. Thobias, meno kama mawe ya kusagia. Mama tena.

"Anamcheka mama yake!" mwanamke mmoja akapiga yowe.

Thobias akasimama. "Ni mbuzi! Nilikuwa namcheka mbuzi!"

"Kimya huko nyuma!" kipaza sauti kikaamuru, na Donatus akatokea na jembe lake katika mwanga wa asubuhi. Watu wakapumua. "Mtoto mwema," wakasema.

Asubuhi yake Thobias alivaa shati jeupe la shule, akaenda kwa ng'wanangwa.

"Shikamoo, ng'wanangwa."

Marahaba ilichelewa njiani. "Marahaba."

"Mzee, wewe ulikuwapo. Ulicheka mpaka fimbo ikakuponyoka."

"Nilikuwapo. Lakini siku ile ulikuwa mdogo, na mimi nilikuwa mbali. Jana nimekuona mkubwa, na karibu."

"Mbuzi alikula kofia ya Bwana Picha!"

"Sikuona mbuzi."

"Hakupigwa picha!"

"Sasa nigonge muhuri kwa ushahidi wa mbuzi asiyeonekana?"

"Basi nitazame mimi, mzee. Nitazame hata nguo."

"Nguo ni safi," mzee Nkwabi alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Hata kwenye picha ulianza na nguo safi. Nitawakabidhi vipi watoto wa watu kwa anayecheka machozi ya mama yake?" Hakumwita mwalimu. Juma lile lile Donatus akawa tarishi wa baraza, mifuko imejaa karanga.

Siku ile, akitoka kwa ng'wanangwa, Thobias alimkuta mama yake akipuliza moto.

"Mayu, wewe unamkumbuka mbuzi."

"Namkumbuka, mwanangu. Nakumbuka na kuni mbichi." Akapuliza tena. "Lakini jana nililia kweli, nikainua macho, nikakuona unacheka."

"Yale yalikuwa machozi ya moshi, mayu!"

"Jana hapakuwa na moshi."

Chuo kilifunguliwa bila yeye. Thobias alitembea hadi mgodini Geita, ambako karani wa kuandika vibarua, aliyekwisha kuiona sinema ile kijijini kwao, alimtazama, akaweka kalamu chini. "Ee! Si yule mhuni wa picha?" Akaitwa Mhuni kuanzia hapo, juu ya ardhi na chini yake. Wachimbaji wenzake walimtafutia kofia ya pama. Mwanzoni aliikataa. Baadaye aliona kwamba akitembea kwa bega moja hupewa nafasi karibu na moto, na akikataa huulizwa anajiona nani. Akatembea. Mwendo ule ulimkaa vizuri, mpaka akasahau ulikuwa wa mwalimu gani.

Masika yalipokwisha, gari la sinema likafika mgodini. Thobias alikaa katikati ya wenzake, kofia imelalia jicho. Uso wa mama yake ukatanda shuka zima. Hakuwa amemwona tangu Januari. Alitafuta moshi pembeni mwa uso ule, hata uzi mmoja. Hakuuona. Aliona mama mtu mzima analia, basi.

Kisha kijana mwenye kofia akarudisha kichwa nyuma, akacheka.

"Mlaaniwa huyo!" mtu mmoja akapaza sauti.

Thobias alitazama mkono wake, akakuta umeshika jiwe.