Nyumba ya Ulimi Mmoja

Wakesho analaza shavu juu ya meza ya maktaba, kidogo tu, akimsubiri mkutubi amtafutie mwongozo wa yule mshairi wa Kiingereza wa enzi za Malkia Viktoria, na meza inalegea kama uji, inammeza. Uji! Hata usingizini hausahau. Uji wa wadudu ndio uliomfanya aongoze mgomo akafukuzwa kidato cha tatu, na tangu hapo kila anachokijua amejifundisha mwenyewe. Kesho anafanya mtihani na watoto wa kuwazaa, na mwongozo ni huo mmoja mji mzima. Sasa yuko katika barabara ya rafu za vitabu, akipiga kona anatokea palepale, na palepale yuko mtu wa koti la mkutubi, uso mtupu kama yai. Unatafuta nini, mama? Mwongozo wa yule ambaye katika kila shairi lake mtu anajitetea mbele ya mwenzake. Ahaa, nyumba ya watu wawili, ulimi mmoja. Wacha vitendawili, wewe, mimi nina mtihani! Asiye na uso anacheka, mdomo hana, anamwingiza katika mji wa vioo, na katika kila kioo bwana mmoja anasema, mtu mmoja kakaa kimya, na nyuma yao kioo kingine, bwana yuleyule. Kuna kiti kitupu. Wakesho anakaa. Mbele yake anasimama mwalimu mkuu wake wa zamani, suti ileile ya kijivu, mwongozo kaubana kwapani, na anaanza kusema kwa mizani, taratibu, kwa sauti tamu: jinsi alivyoipenda shule, jinsi uji ulivyokuwa safi, jinsi kisichana fulani kilivyokuwa na mdomo, basi ikabidi. Ikabidi nini? Miaka thelathini Wakesho anayo majibu, ameyasema akifua, ameyasema akipalilia, ameyasema mpaka kuku wanayajua. Anafungua kinywa. Hakitoki kitu. Anamgeukia asiye na uso. Anayekaa hapo hana mistari, mama, ndivyo mashairi haya yalivyo. Ungeusoma mwongozo ungejua.

Meza inagongwa. Mama, tunafunga. Mwongozo ameuazima mwalimu mmoja, atarudisha akipenda. Na wewe nawe ungekuja mapema, nyie watu wazima mkija hapa ni kulala tu, sisi tunaipenda maktaba hii, tunajitahidi, sasa tufanyeje? Mkutubi anaendelea, taratibu, kwa sauti tamu, na koti lake ni lile, na taa iko nyuma yake, uso hauonekani. Wakesho anafungua kinywa, anasubiri asikie kama yuko macho.