Kisiwa Kilichokuja Kuposa

Usiku wa kuamkia leo niliota visiwa vitatu vimekuja kuposa nyumbani kwetu Tukuyu.

Sikushangaa. Nilichofanya ni kuondoa vitambaa vya sofa upesi, maana wageni walikuwa wamelowa chapachapa. Mume wangu, Mwalimu Ambakisye, alikuwa ameketi kwenye kiti chake amevaa suti ya harusi yetu, ile ambayo vifungo vyake viligoma kufunga tangu mtoto wa tatu azaliwe. Katika ndoto vilifunga vyote.

Hapa niseme jambo la kweli kwanza, ili ndoto ieleweke. Mwalimu amefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Kila mwaka alichora matumbawe ubaoni, akawaambia wanafunzi kwamba yale si mawe, yana uhai, na bahari yenyewe hakuwahi kuitia hata mguu. Sasa amestaafu, watoto wametuandalia safari ya kupiga mbizi, na tumebakiza kuchagua kisiwa tu. Jumamosi nilijaza fomu za afya kwenye simu, yake na yangu. Swali la nne liliuliza kama mtu amewahi kuugua pumu. Mwalimu ana pumu tangu utotoni. Nilijua wakufunzi wa mbizi wakisoma hivyo watamkatalia, abaki ufukweni na kofia yake akiwatazama wenzake wanazama. Nikajibu hapana.

"Umeandika yote kama yalivyo, Mama Gwakisa?" aliniuliza.

"Yote, Baba Gwakisa."

Haya, turudi kwa wageni.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa kinene. Kilikalia sofa la watu watatu peke yake, na minazi yake ilikuwa ikikwaruza dari.

"Tumeona ua humu ndani," kikasema.

"Ua lenyewe lina miaka sitini na moja," nikasema, nikimwonyesha Mwalimu.

"Sisi hatutazami umri. Tunatazama kifua."

Kisiwa kikaendelea kujinadi kwamba maji yake ni maangavu mno, anayeingia humo huonekana hadi mita thelathini. Kikanimwagia kidogo mkononi ili nione. Ngozi ikawa kama kioo. Niliona mifupa, niliona mishipa, na karibu na kiwiko nikaona lile jibu langu limejikunja, limelala usingizi. Nikaufunika mkono kwa kanga.

"Hiki hakitufai," nikamwambia mume wangu. "Kina umbea."

Kisiwa cha pili kilikuwa na sauti ya upole. "Kwangu bahari hutulia miezi minne," kikasema. "Na mgeni hutulia miezi minne."

"Hutulia vipi?"

"Hajongei."

Kikatuonyesha picha za wageni wake wa msimu uliopita. Wamekaa mchangani wamenyooka, macho wazi, na ndege wamejenga viota mabegani mwao.

"Walifurahi?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna aliyelalamika."

Kisiwa cha tatu kilikuwa kidogo, kingeenea kwenye beseni la kufulia. Kilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kimya, kama mkwe aliyefundwa. Hicho ndicho nilichokiogopa kuliko vyote, na sijui kwa nini.

"Mimi sikuja kujisifu," kikasema. "Nimekuja kusoma." Kikafunua karatasi, ikawa ni ile fomu. "Kisukari, hapana. Moyo, hapana. Kizunguzungu, hapana. Pumu, hapana. Nimekaa baharini tangu dunia iumbwe, sijapata kuona kifua kilichoandikwa vizuri namna hii. Namchukua."

"Samahani," nikasema. "Sisi ndio tunaochagua kisiwa."

"Mlishachagua, mama. Ulipoandika."

Mwalimu akasimama, akanyoosha koti. "Mama Gwakisa, hiki kina adabu. Twende na hiki."

Nikataka kumshika mkono. Zulia likawa limejaa maji, kisha zulia likawa halipo.

Tumekaa ukingoni mwa ubao. Ni ubao wa darasani kwake, mweusi, umelazwa chali juu ya bahari na unaelea vizuri tu. Somo lake la mwisho bado limeandikwa humo kwa chaki na halifutiki. Mbele yetu amesimama mtungi wa hewa, mrefu kama mtu, amevaa tai. Ndiye mkufunzi.

"Vaeni miwani," anasema.

Mwalimu anavaa. Mpira unamkaba uso mzima, kuanzia kwenye paji mpaka juu ya mdomo, mashavu yanamvimba.

"Imekubana?" namuuliza.

"Imebana vizuri."

"Kanuni ya kwanza," anasema mtungi. "Masikio yasiyozoea kina hayashuki." Anapitisha beseni. Ndani yake kuna masikio ya kundi lililotutangulia, yamepangwa mawili mawili, kila jozi na jina la mwenyewe. Mengine bado yanatikisika. Mwalimu anabana pua, anapuliza, masikio yake yanabaki kichwani. Yangu pia. Naona haya kufurahi mbele ya lile beseni.

"Kanuni ya pili. Aliye chini huvuta pumzi kama ilivyoandikwa juu."

"Kanuni ya tatu," anaendelea mtungi. "Anayepanda asikitangulie kiputo chake kidogo kuliko vyote. Akikitangulia, damu yake itachemka kama soda. Maswali?"

Nanyoosha mkono. "Na mtu akiwa na pumu?"

Mtungi anageuka. "Nani ana pumu?"

Mwalimu naye anageuka. Ananitazama kupitia kile kioo, macho makubwa, na usoni mwake kuna furaha ambayo sijaiona tangu siku tuliyopokea barua ya Gwakisa kufaulu. Nilitakiwa niseme pale. Mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyeuziba.

"Nauliza tu," nikasema.

Tukazama.

Jamani, palikuwa pazuri. Nisingetaka kusema, lakini ndivyo palivyokuwa. Matumbawe yalikuwa yamekaa kwenye madawati, mistari saba, na Mwalimu alipotokea yakasimama yote kwa pamoja. "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia, akayaambia yakae. Akapita katikati yao akiyagusa vichwa kwa ncha ya kidole, akaniita. "Yana uhai, Mama Gwakisa! Si niliwaambia? Yana uhai!"

Nikacheka. Kisha nikasikia filimbi.

Naijua filimbi ile. Miaka thelathini na nne nimelala kando yake. Huanza nyembamba, chini kabisa ya kifua, kama mlango wa jirani unaolia ukifunguliwa. Mwalimu anaacha kutembea. Anapapasa mfuko wa koti, mahali anapoweka dawa yake ya kupuliza siku zote, hata kanisani. Anachotoa mfukoni ni kikaratasi. Naweza kukisoma nilipo. Kimeandikwa: Hahitaji.

"Mpe hewa!" namwambia mtungi.

"Anayo. Mtu mwenye kifua kama chake hana shida na hewa hii."

"Husikii kifua kinavyolia?"

"Nasikia. Sio pumu."

"Ni pumu!"

"Imeandikwa hapana, mama. Mimi siwezi kubishana na mwandiko."

Mwalimu amekaa kwenye dawati la mbele, ameshika kingo zake kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Ananiangalia. Haniangalii kwa hasira, afadhali angekasirika. Ananiangalia kama mtu anayengoja nifanye jambo, kwa kuwa mimi ndiye mkewe na siku zote hufanya jambo.

"Nilidanganya!" napiga kelele. Maneno yanatoka mapovu.

"Marekebisho hufanyika juu," anasema mtungi.

Nikapiga teke maji nipande. Akanishika kisigino. "Kanuni ya tatu."

Nikakitafuta kiputo changu kidogo kuliko vyote. Kilikuwa chini ya kidevu changu, kidogo kama punje ya ulezi, na kilikuwa hakina haraka hata kidogo. Kilipanda kidogo, kikapumzika. Kikapanda, kikageuka kutazama mandhari.

"Nakuomba," nikakiambia. "Mume wangu anakufa."

"Haraka haraka haina baraka," kikanijibu.

Nilikiomba kwa heshima. Nilikitukana pia, matusi ambayo mke wa mwalimu hapaswi kuyajua. Kikaendelea na mwendo wake. Kila nilipotazama chini Mwalimu alikuwa mdogo zaidi: kwanza kama mtoto, halafu kama kikombe, halafu nikawa naona tu ule weupe wa shati. Filimbi haikupungua. Mita tano kabla ya juu kiputo kikasimama kabisa, kikasema hapa ni dakika tatu, ndiyo taratibu. Nikasimama nacho. Sijawahi kuogopa namna ile, wala siku nilipojifungua mapacha na mmoja akakawia kulia. Nilikuwa nahesabu mapigo ya filimbi. Dakika ya kwanza ilikuwa kali. Dakika ya pili ilikuwa inakatika. Dakika ya tatu sikuisikia.

Nikafika juu, na juu hapakuwa maji. Palikuwa pagumu, pameng'aa, pameandikwa: Una uhakika unataka kubadilisha jibu lako?

Nikapapiga kwa kiganja. Nikapapiga kwa ngumi, kwa kichwa, kwa magoti. Ndiyo, nikasema. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Nikaamka ninaupiga ubao wa kitanda.

Kulikuwa kunapambazuka. Mvua ya kwetu ilikuwa inanyesha juu ya bati bila kumsikiliza mtu, na baridi ilikuwa ile ile ya kila siku. Bahari iko mbali na hapa, ni safari ya siku nzima na zaidi. Nikageuka upande wa pili.

Mwalimu alikuwa ameketi kitako ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, anahema taratibu kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Kisha, kabla ujasiri haujanitoka, nikasema yote. Swali la nne, jibu langu, na ule uongo wangu aliponiuliza. Nikamwambia nisamehe, Baba Gwakisa, nilitaka ukaone tu.

Akavuta pumzi moja, akavuta ya pili, akazitoa zote kwa uangalifu. Halafu akageuka.

Usoni mwake, kuanzia kwenye paji mpaka juu ya mdomo, kulikuwa na alama ya duara, nyekundu, imeingia ndani ya ngozi kama iachwavyo na mpira uliokaza muda mrefu.

"Nilikusikia," akasema. "Ila ulikawia mno kupanda, Mama Gwakisa."