Harisa Ukurasa wa Tisa

Mji ulikuwa wa milimani, Tunisia, na halmashauri yake ilikuwa imehamia mfumo huria wa kompyuta, usio na mwenyewe wa kudai ada ya leseni. Kazi ya kuandika mwongozo ikamwangukia Najiba Wislati, kwa kuwa wakati wa kumchagua mtu yeye alikuwa ametoka kwenda msalani.

Kazi yenyewe aliipenda. Ukurasa wa tisa ulifundisha kupiga picha ya skrini, ili watumishi wakikwama watume picha badala ya kupiga simu na kulia. Iliyomsumbua ni picha ya menyu, maana menyu ilikuwa na haya kama bi harusi: ukigusa kitufe kingine tu, inajifunika. Najiba akaiagiza kompyuta isubiri kidogo kabla ya kupiga, akaifungua menyu, akatulia mikono kifuani. Papo hapo ujumbe wa mama yake, wa kuagiza pilipili ya kusaga, ukachomoza pembeni mwa skrini: "Nusu kilo ya harisa. Ya kusagwa nyumbani, usiniletee ya kopo." Picha ikapigwa. Najiba akaujibu ujumbe, akaibandika picha bila kuitazama vizuri.

Mkurugenzi, ambaye wote walimwita Si Munji, yaani Bwana Munji, akausaini mwongozo bila kuufungua. Wakuu wa idara wakagonga mihuri. Ukasambazwa.

Simu ya kwanza ilitoka kwa Bi Dalanda wa usajili wa vizazi.

"Najiba, mwanangu, nimefuata kila hatua. Nimekwama kwenye harisa."

"Harisa gani, mama?"

"Si hii nusu kilo! Huku kwetu tuna ya kopo tu. Kompyuta itaikubali?"

Najiba akafungua ukurasa, akauona ujumbe wa mama yake pembeni mwa picha. Akakimbilia kwa mkurugenzi.

"Si Munji, kuna kosa. Ule ni ujumbe wa mama yangu."

"Kosa haliwezi kuwepo. Nimesaini."

"Lakini ni pilipili ya kusaga, mzee!"

"Sasa unataka niutangazie mji kwamba nilisaini bila kusoma?"

Kesho yake ukatoka waraka: harisa iliyotajwa ukurasa wa tisa ni alama ya mshikamano kazini, na kila idara ijipatie. Bakuli za harisa zikapangwa kando ya kompyuta. Idara ya maji ilinunua ya kopo, ikaandikiwa onyo.

Najiba hakuvumilia. Akaipiga picha upya, safari hii akikata kipande cha menyu peke yake, akasambaza toleo jipya. Haikupita muda katibu wa chama cha wafanyakazi, Hadi Ayari, akamvamia ofisini, uso umemvimba.

"Mnatunyang'anya harisa bila hata kutushirikisha?"

"Haijawahi kuwa yenu, kaka."

"Kitu kikishaingia kwenye mwongozo ni haki! Tutagoma."

Si Munji, aliyeogopa mgomo kuliko kaburi, akaamuru picha ya zamani irudishwe. Najiba akairudisha huku akiuma midomo.

Jioni, alipokuwa anafunga mkoba, Bi Dalanda akapiga tena.

"Harisa tunayo, tena nzuri, tumeshaionja na mkate. Sasa hiyo picha naipigaje?"

"Tazama juu ya kibodi, upande wa kulia. Bonyeza kitufe cha picha."

Kitufe kikasikika kikibonyezwa.

"Ni hicho tu?" akauliza Bi Dalanda, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa.

"Ni hicho tu, mama."

"Mh! Haya," akasema, na akakata simu bila kuaga.