Dakika Kumi za Mkanda

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, kila siku ya kazi, fundi wa taa alipanda ghorofa ya nne, akafungua chumba cha mitambo kisicho na dirisha, akasimama kando ya kabati la swichi na kujifanya ana shughuli. Saa kumi kamili taa ya upande wa pili iliwaka. Chini yake, juu ya stuli ya plastiki, shemeji yake aliyekufa alikuwa amekwisha kaa.

"Umemaliza, shemeji?"

"Bado kidogo."

"Hakuna neno. Nasubiri."

Jengo lile lilijengwa lisipoteze umeme hata wa kuchemshia chai. Kuta za upande wa jua zilikuwa nene, madirisha yalipangwa yaingize mwanga na kuacha joto nje, na darini kulikuwa na vihisi ambavyo wafanyakazi waliviita macho. Jicho likiona mtu, taa inawaka. Lisipoona anayejongea kwa dakika kumi, taa inazimika. Ndiyo maana wahasibu wa ghorofa ya pili, watu wazima na heshima zao, walifanya kazi huku wakiinua mikono mara kwa mara kama wanaofukuza nzi. Mwanzoni jicho lilikuwa likimsahau marehemu, kwa kuwa alijua sana kutulia. Siku hizi naye aliinua mkono.

Hakuna aliyehangaika naye. Skrini ya mapokezi iliyohesabu watu waliomo ndani iliongeza mmoja ikifika saa kumi, na mama wa mapokezi akamwandika kwenye kitabu: mgeni, ghorofa ya nne. Alilalamika tu kwamba mgeni huyo hapitii mlangoni kama wenzake. Mkurugenzi alikuwa na swali moja, kwa sababu wakaguzi wa matumizi ya umeme walikuwa njiani na jengo lilikuwa linatafuta cheti.

"Yule anayewasha taa kule juu ni nani wako?"

"Tuliwahi kufanya kazi pamoja," alisema fundi.

Aliona uso ukimwaka. Neno "shemeji" lilikuwa pale pale mdomoni, akalimeza.

Wakati wa ujenzi, mkanda wa usalama ulikuwa mmoja kwa watu wawili. Shemeji alikuwa akifunga vioo ukingoni mwa ghorofa ya nne, na fundi alikuwa amebakiza jicho moja tu la kufunga kwenye dari ya ukumbi mkuu. "Shemeji, niazime mkanda," alisema. "Dakika kumi tu." Alimaliza kwa dakika sita. Lakini mkurugenzi alikuwa ameingia ukumbini na wageni, wote wakitazama juu, na fundi akapenda waendelee kumwona akining'inia pale, hodari wa peke yake. Akakaza parafujo zilizokwisha kazwa. Akapiga picha kwa simu. Ilipotimia nusu saa, msimamizi alimfokea shemeji kwamba vioo havijifungi vyenyewe, naye akapanda vivyo hivyo, bila mkanda, akaanguka.

Kwenye maelezo ya ajali kuliandikwa: marehemu hakuvaa mkanda kwa uzembe wake. Shahidi alikuwa fundi wa taa, na sahihi yake ilikuwa nzuri, yenye mkia. Marehemu, mtu aliyepima kioo mara tatu kabla ya kukigusa, wenzake walimwita Taratibu. Jina hilo lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mkanda, na mkanda ulikuwa umeviringishwa ndani ya kabati, nyuma ya swichi. Fundi hakuweza kuutupa. Kuutoa nje, mbele za watu, aliona haya zaidi.

Siku mbili kabla ya ukaguzi alikuja dada yake mkubwa, mjane wa Taratibu. Alikuwa amemuulizia ndugu yake mapokezi, na mama wa mapokezi akamwambia, "Panda tu, mwanangu, utamkuta. Na mumeo naye hachelewi, ni saa kumi kamili."

Dada alipanda ngazi bila kupumzika, akamkuta ndugu yake kando ya kabati.

"Mwanangu hataki tena kwenda shule," alisema. "Wenzake wanamwita binti wa mzembe. Mdogo wangu, sikuombi kitu kingine. Nenda kule kwa watu wa usalama kazini, wafute hilo neno moja. Wewe ndiye ulikuwepo."

"Dada, maelezo yakishaandikwa..."

Taa ya upande wa pili iliwaka.

Dada alimtazama mumewe, akamwendea, akamnyoosha kola ya shati la kazi. Marehemu akauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Linavuja, akaambiwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa desturi zake, akageuka.

"Umemaliza na mkanda, shemeji?"

"Mkanda gani?" aliuliza dada.

"Wangu. Aliuomba dakika kumi tu," alisema marehemu, bila kinyongo. "Atarudisha."

Dada hakusogea, fundi hakusogea, marehemu alikuwa mzoefu. Walibaki hivyo mpaka dakika kumi zikatimia, jengo likaamua kwamba chumbani hamna mtu, na taa zikazimika zote.

"Mdogo wangu," sauti ya dada ilisema gizani, "inua mkono. Taa iwake nikuone."

Fundi alikuwa amefunga macho yote ya darini mwenyewe, na alijua kwamba hata kidole kingetosha. Mkono wake ulikaa ubavuni. Aibu ilimshika kuanzia kisogoni hadi magotini, na katika giza lile alishukuru kwa jambo moja tu, kwamba giza lilikuwepo.

Aliyeinua mkono ni marehemu, ambaye maisha yake yote hakupenda kuona mtu akidhalilika. Taa ikawaka. Dada alimtazama ndugu yake mara moja, akachukua mkoba wake, akashuka.

Wakaguzi walikuja wakasifu kila kitu. Kuhusu taa ya ghorofa ya nne waliandika kwamba matumizi ya mgeni mmoja yanakubalika. Cheti kilitundikwa mapokezi, juu ya kitabu cha wageni. Maelezo ya ajali yalibaki katika faili lake, na neno lile ndani yake. Dada hakupiga simu tena.

Jumatatu, saa kumi kamili, taa iliwaka juu ya stuli.

"Umemaliza, shemeji?"

Mkono wa fundi ulikuwa juu ya mlango wa kabati.

"Bado kidogo," alisema. "Dakika kumi."

"Hakuna neno," alisema marehemu, akainua mkono kidogo ili waendelee kuonana.