Ukoka wa Marehemu Jamaldin

Ndago hazina haya. Leo umezing'oa, kesho kutwa zishachomoza tena, zimekutolea macho. Wekesa alikuwa amezing'oa wiki tatu mfululizo katika ua wa Bi Mwanakuu, kule Tononoka, na kila alipong'oa moja zilichipuka tatu. Na jua la Februari, lo! Hata kivuli kilikuwa cha moto.

Siku nazo zilikuwa zimemwishia. Ijumaa ilikuwa khitma ya mwaka ya marehemu Mzee Jamaldin, mumewe Bi Mwanakuu, na watu wangeketi pale pale uani, kwenye ukoka alioupanda marehemu kwa mkono wake. Hussam, mwanawe, alishasema neno lake: "Nikikuta ndago hata moja Ijumaa, Jumamosi naleta kabro, niufunike ua wote kwa mawe. Nimechoka na shamba ndani ya nyumba." Na palipo na kabro, mtunza nyasi wa nini? Wekesa alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi pale, na kile chumba cha nyuma alichoishi na mkewe Rosebella.

Jumanne akaenda Makupa kununua dawa ya magugu. Muuzaji akamwambia aipige alfajiri, na afadhali angoje mvua, joto lipungue. Angoje! Kwani khitma ingengoja? Isitoshe, kwao Kitale babake alimfundisha kwamba dawa hupigwa jua likiwaka, la sivyo baridi huifanya isishike. Basi saa sita mchana akajitwika pampu mgongoni. Akaongeza kifuniko kimoja cha dawa juu ya kipimo, kisha kingine. Masikini, aliogopa mpaka akili ikamruka.

Alhamisi asubuhi alitoka akashika kichwa. Ukoka wote ulikuwa umekauka, rangi ya chapati iliyosahauliwa jikoni. Ndago ndizo zilizosimama, kijani kibichi, zimependeza. "Mungu wangu, nimeua," akasema peke yake.

Bi Mwanakuu akatoka peku, kama kawaida yake kila asubuhi. Macho yake yalikuwa na ukungu, haoni mbali, lakini nyayo zake ziliujua ule ukoka. Akapiga hatua mbili, akasimama.

"Wekesa."

"Labeka, Bi Mkubwa."

"Mbona ukoka unakatika?"

Akapiga magoti. "Nimeukaanga, Bi Mkubwa. Nilipiga dawa saa sita."

"Saa sita, kaskazi hii, jua lote hili? Marehemu hata kuukata hakuukata kaskazi. Akisema na upumzike." Akageuka, akarudi ndani pole pole. Wekesa alitaka atukanwe. Hakutukanwa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Khitma ikasomwa. Watu waliketi juu ya mikeka, wakala, wakanywa sharubati, wakaenda zao. Hussam naye hakumgombeza, alipiga simu tu. Jumamosi saa tatu lori la kabro lilikuwa nje likipiga honi.

Wekesa alipokwenda kufungua geti alimkuta Bi Mwanakuu amechuchumaa katikati ya ua, anachimba kwa kisu cha jikoni.

"Mama, ondoka juani," alisema Hussam.

Bi Mwanakuu aliendelea kuchimba. Alipapasa chini ya majani makavu hadi vidole vikakamata mzizi, akauvuta. Ulikuwa mweupe, umenona, na chipukizi dogo ubavuni. Kumbe ukoka haukufa! Ulikuwa ukingoja mvua, basi.

"Hussam, hebu shika! U hai!"

"Mama, mawe yashafika."

Lori likaingia, makuli wakaanza kushusha. Bi Mwanakuu akautia ule mzizi ndani ya kopo la maziwa, akaufukia udongo, akaushindilia kwa kidole gumba. Kisha akamnyooshea Wekesa.

"Nenda nao huko uendako. Na saa sita, mwanangu, uuache upumzike."

Wekesa akaupokea kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka mbele ya makuli. Alitaka kusema ahsante. Kilichomtoka ni "labeka."